Mnong'ono wa Heru Juu

Sehemu ya tisa: Waya

Hatukumwacha pazuri Jumamosi iliyopita. Melkiadi alikuwa amepiga magoti nyuma ya jukwaa la ukumbi wa Nurudini, hapo Kasulu mjini, anaifuata kwa vidole waya ya maiki ya Mzee Tharsisi, mpigaji wa inanga, ala ya nyuzi, toka Heru Juu. Aliifuata chini ya zulia, akaipitisha nyuma ya spika, akafika nayo ukutani. Hapo ikaisha. Haikuchomekwa popote. Ncha yake ilikuwa safi, kama kucha iliyokatwa jana.

"Panya hawa!" alifoka.

"Usiwasingizie panya, Kaka Melki."

Akageuka. Zuhra, fundi mitambo, alikuwa amesimama nyuma yake. Mkononi ana koleo.

"Nani kaikata?"

"Mimi."

"Zuhra!"

"Mjomba kaniambia. Asubuhi, kabla hujafika. Ningefanyaje? Mitambo ni yake, chumba ninacholala ni chake, hata hili koleo ni lake."

"Na maiki ile iliyosimama mbele ya kiti cha mzee ni ya nini?"

"Ya kupigia picha."

Melkiadi akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini mchana, na onyesho lilikuwa la saa tisa. Upande wa pili wa pazia viti vinaburutwa, watu wanaitana kwa majina, mama mmoja anamkemea mtoto asikojoe ukutani. Watu mia tano walikuwa wamekuja kwa sababu tangazo lililobandikwa toka Heru Juu hadi Rungwe Mpya lilisema hivi: INANGA. LAIVU. MZEE THARSISI KWA MARA YA KWANZA JUKWAANI. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo Melkiadi alizisoma kila asubuhi kwa wiki tatu: Mwandaaji, Melkiadi Nduwayezu wa Kibondo.

Lilikuwa onyesho lake la kwanza. Miaka mitatu alimbebea Nurudini viti, akabandika matangazo yenye majina ya wengine, akawafungulia wasanii soda. Leo yeye ndiye mwandaaji. Na msanii wake hana maiki.

"Yuko wapi huyo mjomba wako?"

"Ofisini. Anakula."

* * *

Kweli alikuwa anakula. Nurudini, promota aliyeushika muziki wote wa jukwaani kati ya Kasulu na Kibondo, alikuwa na migebuka sita ya kukaanga mbele yake. Chini ya samaki, badala ya sahani, ametandika tangazo. Uso wa Mzee Tharsisi ulikuwa umelowa mafuta hadi jicho moja limepotea.

"Karibu, mdogo wangu. Nawa, ukae. Samaki wametoka ziwani leo alfajiri."

"Bosi, waya ya maiki ya mzee imekatwa."

"Ndiyo." Nurudini alitoa mwiba mdomoni, akaulaza kwenye ndevu za Mzee Tharsisi. "Nimeikata mimi. Zuhra kashika koleo tu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mzee wako anaimba kama mtu anayemsengenya jirani. Jana kwenye majaribio umesikia mwenyewe. Zuhra kapandisha sauti, spika zikapiga yowe hadi mbwa wa sokoni wakajibu. Kashusha, tukabaki na mlio wa jenereta. Watu mia tano, Melki! Mgeni rasmi yuko njiani anatoka Kakonko. Aje asikilize jenereta?"

"Nilikuambia tangu mwanzo. Inanga haiimbwi kwa koo. Mzee ananong'ona, zile nyuzi ndizo zinampa sauti. Ndiyo sanaa yenyewe! Nilisema tuzime jenereta, tusogeze viti, watu wakae kimya..."

"Watu wa Kasulu wakae kimya?" Nurudini alicheka mpaka kipande cha samaki kikaruka, kikatua kwenye shati la Melkiadi. "Hawa hata msibani hawakai kimya. Sikiliza. Mzee atakaa kwenye kiti, atapapasa nyuzi zake, atachezesha midomo. Sauti itatoka kwenye mashine. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe siyo mtazamaji. Wewe ni mwandaaji. Kazi ya mwandaaji ni kujua na kunyamaza."

Melkiadi akapiga meza, samaki wakaruka. "Mimi sikuingia kazi hii nije kutapeli watu! Unajua niliingia kwa nini? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kiwanja cha Kibondo, ile Pasaka. Yule dada aliyeimba mvua inamnyeshea. Watu wote tumejificha, yeye hakukimbia. Hakukosea hata neno moja. Nililia, bosi! Nikasema maisha yangu yote nitaandaa vitu kama hivi."

Nurudini akaacha kutafuna. Akamtazama kijana kwa huruma, na huruma ile ilikuwa chafu kuliko kicheko.

"Hakukosea neno kwa sababu hakuimba neno. Maiki yake ilikuwa imeshakufa kwa maji tangu mwanzo. Nilikuwepo, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyeibonyeza mashine."

Melkiadi akakibandua kile kipande cha samaki kwenye shati lake, akakitupa.

"Na tangu uje kwangu, miaka mitatu hii, umewahi kuifuata waya hata siku moja? Hukufuata. Leo umefuata kwa sababu jina lako liko kwenye karatasi."

Hapo, msomaji, hasira ilimwishia yule kijana ikabaki kinyaa. Alikiona kinyaa kile kikitoka kwa mtu wa migebuka, kikazunguka chumba kizima kinachonuka mafuta, kikarudi kumkalia yeye mwenyewe begani.

"Tulia," Nurudini aliendelea, sasa kwa sauti ya upole. "Jumamosi ijayo tunakwenda Kibondo. Nyumbani kwenu. Kwenye tangazo la kule nitaliweka jina lako juu, kubwa, juu ya langu. Mama yako alisome akiwa barabarani."

Ni aibu kulisema, lakini Melkiadi aliliona. Aliliona tangazo, akamwona mama yake amesimama na kapu la maharage kichwani, anasoma kwa kusogeza midomo. Aliliona kwa nukta moja. Kisha swali likamjia ambalo alipaswa kuliuliza mapema.

"Sauti gani hiyo itakayotoka kwenye mashine? Umeipata wapi sauti ya mzee?"

"Si ile uliyonipa wewe?"

"Ipi?"

"Ya tangazo la redio. Redioni tuliweka nyuzi tu, sekunde ishirini. Lakini wewe ulinipa dakika saba nzima. Nzuri sana. Leo tunaiachia yote, toka mwanzo mpaka mwisho."



* * *

Wasomaji wa zamani wanakumbuka, wageni nawaambia. Melkiadi alikwenda Heru Juu mara tatu kumwomba Mzee Tharsisi apande jukwaani. Mara mbili alikataliwa. "Sauti yangu inatoka kinywani mwangu, mwana wanje," mzee alimwambia, yaani mwanangu, "inaingia sikioni mwako, basi. Sitaki sauti yangu itembee bila mimi." Mara ya tatu, mwezi wa pili, mzee alikubali, akamkaribisha jikoni, akampigia wimbo mmoja kando ya moto. Na simu ya Melkiadi ilikuwa mkekani, imelazwa kifudifudi, inanasa.

Hakuomba ruhusa. Alijiambia ni ya kujifunzia. Wiki mbili baadaye Nurudini alitaka kitu cha redioni, naye akaitoa.

Sasa, mpiga inanga wa namna ya Tharsisi haanzi wimbo hivihivi. Anaanza kwa kuwaita waliokaa mbele yake, mmoja mmoja, kwa majina. Na nyumbani kwake wa kwanza kuitwa alikuwa mwenye jiko: mkewe, Ange. Bibi Ange alikuwa palepale, kifua kinambana, anakohoa. Mzee akamwita, naye akakohoa. Akamwita tena, akamtania ndani ya wimbo kwamba moshi wake utamfukuza mgeni. Bibi akacheka, akakohoa tena. Simu ikameza vyote. Na mwishoni kabisa, mzee alipotoka nje kuleta kuni, kuna jambo jingine simu ilimeza. Hilo Melkiadi alikuwa amejifunza kutolikumbuka.

Mwezi wa nne Bibi Ange alizikwa.

Tangu siku ile Tharsisi hakulitaja jina lake kwenye inanga hata mara moja. Watu wake walivuka mpaka toka Burundi zamani, yeye akiwa kijana na inanga ya baba yake mgongoni, na desturi yao wameishika: mpaka siku ya kuondoa msiba, wanayoiita kuganduka, mume hamwimbi mkewe aliyekufa. Siku hiyo ilipangwa mwezi wa tisa. Leo ni mwezi wa saba.

Nurudini hakuyajua haya. Watu wake walitoka pwani, na Kiha chake, lugha anayoimbia mzee, kinaishia kwenye salamu na bei ya viti.

"Bosi," alisema Melkiadi, na sauti yake haikuwa yake. "Kuna marehemu mle ndani."

"Mle wapi?"

"Ndani ya sauti. Mkewe. Mzee anamwita, naye anakohoa. Amekufa juzi tu! Msiba haujaondolewa. Ukiiachia ile sauti, mzee amekaa pale mbele ya watu..."

Nurudini alifikiri. Alifikiri kwelikweli, uso wake ukakunjamana, na Melkiadi akaanza kupumua.

"Hicho kikohozi," Nurudini aliuliza, "kinasikika sana?"

"Sana!"

"Basi si mbaya. Watu watajua ni laivu."

Akafuta vidole vyake kwenye paji la uso la Mzee Tharsisi, kimoja kimoja, hadi kidole gumba.

Melkiadi alitoka nje, akafika kwenye mtaro, akatapika.

* * *

Alipomaliza alijifuta mdomo, akarudi ndani mbio.

"Zuhra, hiyo sauti iko wapi?"

"Kwenye flashi. Nimeshaichomeka. Nikiona mzee ameshika nyuzi, nabonyeza."

Akamweleza. Alimweleza kwa maneno kumi, na lilipofika neno kikohozi Zuhra alilitupa koleo chini kama linamchoma.

"Wallahi sikujua, Kaka Melki. Mimi Kiha changu cha kununulia maharage!"

"Nipe hiyo flashi."

"Mjomba ataniua."

"Mwambie ilianguka nikaikanyaga."

"Haijaanguka."

"Iangushe."

Zuhra akaichomoa, akaiachia sakafuni kwa vidole viwili. Melkiadi akaweka juu yake mguu wa kiti cha chuma, akakikalia kwa uzito wake wote. Ikalia kama yai.

"Sasa waya," alisema.

Alilimenya kwa meno lile ganda la plastiki, akalitema, akazisokota nyuzi za shaba na zile za kipande kilichokatwa, Zuhra akafunga kwa tepu nyeusi. Midomo ya kijana ilikuwa inatoka damu.

"Spika kubwa zitapiga yowe tena," Zuhra alionya.

"Hatutumii kubwa. Ile ndogo ya betri, anayotumia mjomba wako kwenye vikao vya harusi, iko wapi?"

"Stoo."

"Ilete. Tuchomeke maiki humo, tuiweke miguuni pa mzee. Mimi nitawasogeza watu. Ukiona nimeinua mkono, kimbia nje ukazime jenereta, na ukae hukohuko. Mtu yeyote akitaka kuliwasha, mng'ate."

"Hata Mjomba?"

"Hasa Mjomba."

Zuhra akacheka, mara ya kwanza siku ile, akaenda stoo. Kumbuka kicheko hicho. Zuhra hatacheka tena leo.

* * *

Mzee Tharsisi alikuwa amekaa kwenye kichumba cha pembeni, inanga yake magotini, ule ubao mrefu uliochimbwa kama karai, nyuzi nane za kano la ng'ombe. Melkiadi alimtazama akasimama mlangoni kama aliyepigwa kofi.

Mzee alikuwa amevikwa ngozi ya chui. Siyo ngozi. Kitambaa cha manyoya ya plastiki, madoa yamechapwa, kilichobanwa begani kwa pini. Kichwani ana taji la manyoya ya kuku yaliyopakwa rangi nyekundu. Uso umepakwa unga mweupe. Koti lake la Jumapili, lile la kahawia alilopigia pasi mwenyewe, lilikuwa sakafuni, na mtu alikuwa amelikanyaga.

"Nani kakufanya hivi, baba?"

"Walikuja vijana wawili. Wakasema lazima nionekane wa asili." Mzee alilitazama lile vazi. "Wamenivika paka. Nilidhani wewe ndiye umeagiza, nikasema basi, nisimwaibishe mtoto."

Melkiadi alilivua vazi lile, akalitupa kwenye kona palipokuwa pananuka mkojo, likapapendeza. Akamvua taji. Akalowesha leso yake kwenye ndoo, akamfuta mzee uso taratibu, kisha akaliokota koti, akalikung'uta, akamvika.

"Sasa ni wewe."

"Ego," alisema mzee. Ndiyo. Akaanza kukaza uzi mmoja, akiusikiliza kwa kuinamisha kichwa. "Mwana wanje, nina taabu. Tangu nioe sijaanza wimbo bila kumwita yeye kwanza. Leo kinywa changu kitakosa pa kukanyaga."

Melkiadi alijua kwamba huu ndio wakati. Ile simu. Ule mkeka. Ilikuwa ni maneno manne: baba, nilikunasa bila kukuambia. Flashi imeshavunjika, hatari imekwisha, kilichobaki ni ukweli tu. Alifungua kinywa.

"Nimewaza," mzee aliendelea, "leo nitaanza na wewe. Wewe umenitoa nyumbani, wewe ndiye jiko langu la leo. Nitakuita kwanza wewe."

Melkiadi akainama, akamfunga mzee kifungo cha koti.

"Kila kitu kiko sawa, mwana wanje?"

"Kila kitu kiko sawa, baba."

Mwongo! Kaona aibu ya dakika moja ni nzito kuliko aibu inayokuja. Kijana aliyemwita mwenzake tapeli nusu saa iliyopita alimpa mkono mzee, akamwongoza kwenda jukwaani.

* * *

Saa tisa na robo. Mgeni rasmi ameketi mbele, tai imemkaba, Nurudini kando yake anamnong'oneza na kunukia samaki. Melkiadi alimnyang'anya mshereheshaji maiki kabla hajamaliza utani wake wa kwanza.

"Jamani! Chukueni viti vyenu. Sogeeni hapa mbele. Wote. Mzunguke jukwaa, magoti yaguse ubao."

Ukumbi ukalipuka.

"Kwani tunaota moto?" akapayuka mama mmoja.

"Ndiyo, mama. Tunaota moto. Inanga hupigwa jikoni. Leo hapa ni jikoni!"

"Haya, na viazi viko wapi?"

Wakacheka, lakini waliinuka. Viti vya plastiki vikapita juu ya vichwa. Wakajazana miguu kwa miguu, mabega kwa mabega, pande zote tatu za jukwaa, hata kuku asingepita. Mgeni rasmi naye akainuka, akakibeba kiti chake mwenyewe, na Nurudini akalazimika kubeba chake, uso umemvimba.

Melkiadi akarudi hadi mlangoni, nyuma kabisa, asikie kama mnong'ono utafika huko. Akainua mkono.

Jenereta likakohoa, likazimika.

Sijawahi kusikia watu wa Kasulu wamenyamaza namna ile. Mzee Tharsisi aliweka vidole kwenye nyuzi. Sauti nene ikatoka, ikatambaa sakafuni, ikapanda kwenye miguu ya viti. Kisha akaanza kunong'ona.

Na ilifika. Ilifika hadi mlangoni! Neno kwa neno, kama mzee ameketi kando ya sikio la kila mtu. "Melkiadi," alinong'ona, "Melkiadi mwana wa Nduwayezu, uliyenijia mara tatu, uliyenifuta uso..." Yule mama wa viazi alikuwa ameshika shavu, machozi yanamtoka. Mgeni rasmi amelegeza tai. Miaka saba baada ya ile mvua ya uongo, Melkiadi alikuwa ameandaa kitu cha kweli.

Aliifurahia dakika ile. Tumwachie, kwa sababu hakupata ya pili.

Nurudini hakuwa analia. Nurudini alikuwa ameona jenereta limekufa, fundi hayupo, na mzee anasengenya jirani mbele ya mgeni rasmi. Kiha hakijui, na inanga hakuwahi kuisikiliza. Alichoona yeye ni onyesho linalozama. Akaitazama ile spika ndogo miguuni pa mzee. Ni yake. Simu yake na spika ile zimezoeana kwa bluetooth miaka miwili, harusi baada ya harusi.

Akatoa simu mfukoni. Alikuwa na nakala ya ile sauti.

Tin, ikalia spika.

Melkiadi aliijua sauti ile. "Hapana!" alipiga kelele, akaruka. Akagonga kiti, akagonga goti la mtu, akagonga ukuta wa migongo mia tano aliyoipanga kwa mkono wake. Hapakuwa na njia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiziba.

Kwenye spika, mwanamke akakohoa.

Mkono wa Mzee Tharsisi ukasimama. Lakini inanga iliendelea kulia. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na sauti yake ilikuwa inanong'ona miguuni pake: "Ange, e Ange, moshi wako utamfukuza mgeni..." Mwanamke akacheka. Akakohoa tena.

"Yesu wangu," alisema yule mama wa viazi. "Huyo si Ange? Nilimzika mimi!"

Watu wakaanza kusimama. Mmoja alikwepa ile spika kana kwamba itamrukia. Mzee alikuwa ameiinamia, shingo ameikunja, anasikiliza kama anavyosikiliza uzi uliolegea. Alipoinua kichwa alimtafuta mtu mmoja tu, akampata, mbali, amekwama kati ya migongo, midomo ina damu.

Akaisogelea maiki. Ile ile, ya waya iliyomenywa kwa meno. Ilifanya kazi vizuri sana.

"Mwana wanje," alisema, na safari hii hakunong'ona. "Umemweka wapi mke wangu?"

"Baba, mimi..."

"Siku ile jikoni simu yako ilikuwa mkekani, umeilaza kifudifudi. Nilimwambia Ange, tazama, huyu kijana ana adabu, ameiweka chini atusikilize sisi."

Ukumbi wote ukamgeukia Melkiadi. Nurudini, asiyeelewa neno la Kiha, aliona watu wamesimama akadhani wamependa. Alimtabasamia mgeni rasmi, akaongeza sauti hadi mwisho.

Kwenye spika, wimbo uliisha. Mlango wa jiko ukalia kwenye bawaba zake, nyayo za mzee zikatoka kwenda kufuata kuni. Melkiadi alianza kupanda juu ya viti, juu ya mabega, juu ya vichwa vya watu, maana alikijua kinachofuata, na alikuwa ameapa kwa mikono miwili kwamba mzee hatakisikia kamwe.

Alikuwa bado hatua ishirini Bibi Ange alipoongea, karibu kabisa na simu, bila kikohozi.

"Ameshatoka? Sogea hapa, mwanangu. Huyu mtoto wetu wa kwanza, ambaye Tharsisi anamlilia mpaka leo kwamba alikufa njiani tulipovuka mpaka, hakufa..."